Gari bovu lisilobingirika: Litapandishwaje kwenye trela bila kumuumiza mtu?

NI mitaa michache sana jijini Nairobi isiyokuwa na gari la aina hii. Liko pale kando ya lango, au nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji. Rangi imebabuka, vioo vimejaa vumbi, na tairi zimeishiwa na upepo hadi rimu zinagusa ardhi. Kuku hutaga ndani yake. Watoto wa ploti wameligeuza matatu yao, mmoja dereva na mwingine makanga. Mwenyewe alikuwa na nia ya kulitengeneza mwaka ule, kisha karo ikaja, kisha mwaka mwingine ukapita, na sasa hata fundi wake wa zamani hulipita kama asiyelijua.

Siku moja, ndugu msomaji, itabidi gari hilo liondoke. Labda mwenye ploti anataka nafasi yake ajenge vyumba vya kupangisha. Labda mnunuzi wa vyuma vikuukuu amepiga hodi langoni na kutaja bei. Hapo ndipo huzuka swali ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo: gari ambalo magurudumu yake hayazunguki litatokaje hapo lilipo hadi juu ya trela?

Jibu la kawaida mtaani ni nguvu. Huitwa vijana sita au saba wenye mabega mapana. "Mzee, hili ni la kusukuma tu, tupe dakika 10," husema kiongozi wao huku akikunja mikono ya shati. Kamba ya nailoni hufungwa popote inapoweza kushika, pikapu huwashwa, na watoto wote hujipanga kutazama kana kwamba sarakasi imekuja mtaani. Ni katika dakika hizo 10 ambapo mtu anaweza kupoteza vidole, mguu au hata uhai wake. Iwe ni wewe utakayeifanya kazi hii, au ni wewe mwenye ua ambamo inafanyiwa, yafaa ujue lipi la kuruhusu na lipi la kukataza.

Tuanze na hesabu kidogo, na wanafunzi mnaosoma makala haya mchukue kalamu. Tutumie mfano wa Peugeot 504, gari ambalo wazazi wenu wanalijua vyema. Lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, likawa likiunganishwa hapa Kenya pia, na likashinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Kwa miaka mingi ndilo lililokuwa likiwakimbiza abiria wa safari za mbali, mmebanana ndani mpaka mlango haufungi bila kupigwa teke. Gari hilo lina uzito wa kilo 1,200 hivi, yaani kama magunia 13 ya mahindi ya kilo 90.

Likiwa na tairi zilizojaa upepo, juu ya saruji iliyo tambarare, nguvu sawa na ile ya kuinua kilo 20 hivi yatosha kulifanya liendelee kutembea. Mtu mmoja anaweza kulisukuma. Sasa yafunge magurudumu yote manne yasizunguke. Mpira wa tairi hung'ang'ania saruji kiasi kwamba utahitaji nguvu ya kuinua kilo 800 au zaidi kulikokota. Gari ni lile lile na uzito ni ule ule, lakini kazi imezidi mara 40.

Ongeza mlima wa kupandia trela. Tuseme sakafu ya trela iko sentimita 60 kutoka ardhini, na mbao zako za kupandia zina urefu wa mita 2.4. Mlima huo peke yake unadai robo ya uzito wa gari, yaani kilo 300. Ukitumia mbao fupi za mita 1.2, unadai nusu yake, kilo 600. Gari lililojifunga magurudumu likivutwa juu ya mbao hizo fupi litataka nguvu ya zaidi ya kilo 1,300. Waama, ingekuwa nafuu kulining'iniza hewani kwa mnyororo! Lakini gari hilo hilo, likiwa na magurudumu yanayozunguka na mbao ndefu, litataka kilo 320 hivi. Ukipitisha kamba yako kwenye kapi moja lililofungwa kwa gari, na ncha ya kamba ukaifunga kwenye trela, mvuto unaohitajika unakuwa nusu: kilo 160. Winchi ndogo ya mkono inaiweza kazi hiyo bila jasho. Utavuta kamba mara mbili ya urefu, lakini nani anakukimbiza?

Kwa hivyo kabla ya kumwita kijana hata mmoja, jiulize ni kitu gani kinachoyazuia magurudumu hayo. Mara nyingi gari linaloitwa "limekufa kabisa" limeshikwa na vitu viwili au vitatu tu ambavyo vinaweza kufunguliwa kwa asubuhi moja.

Liinue kwa jeki gurudumu moja moja na ujaribu kulizungusha kwa mkono. Hapa pana tahadhari ya kwanza. Gari lililokaa miaka kwenye mvua limeliwa na kutu chini, na pale mahali pa kawaida pa kuweka jeki huenda pakabonyea kama boksi la karatasi. Weka jeki chini ya ekseli au chuma kingine kinene, na chini ya jeki yenyewe weka ubao mpana ili isizame kwenye udongo. Magurudumu yanayobaki chini yatiwe kabari pande zote mbili. Kisha ingiza stendi ya chuma au magogo ya mbao yaliyopangwa vizuri. Mawe ya kujengea hayafai, kwani hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Na mtu asiingie mwili wake chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama anasema ni kwa sekunde mbili tu.

Mshukiwa wa kwanza ni breki. Gari likiachwa na handibreki imevutwa, mvua mbili tatu zatosha kugandisha vipande vya breki kwenye dramu kwa kutu. Ilegeze handibreki, na isipolegea kata waya wake. Gari linakwenda kuyeyushwa, huna haja ya kuuonea waya huruma. Kisha gonga ukingo wa dramu kwa nyundo, pigo hapa, pigo pale, kulizunguka lote, huku mwenzako akijaribu kuligeuza gurudumu. Gurudumu ambalo lingekataa kusukumwa na watu kumi mara nyingi huachia kwa mlio mmoja mkavu. Ikiwa kuna shinikizo la mafuta ya breki lililonaswa ndani, fungua ile nati ndogo ya kutolea hewa na litatoka. Kwa breki za disiki, fungua bolti zinazoshika pedi na uitoe sehemu yote hiyo.

Mshukiwa wa pili ni gia. Injini iliyoganda ikiwa gari liko kwenye gia hufunga magurudumu yanayoendeshwa nayo. Kwa 504, ambalo huendeshwa na magurudumu ya nyuma, waweza kuufungua mtaimbo unaotoka kwenye gia kwenda nyuma, na magurudumu yakawa huru. Magari madogo ya Kijapani yaliyojaa mjini siku hizi mengi huendeshwa na magurudumu ya mbele, na hapo itabidi kuzitoa zile shafti mbili za mbele.

Halafu kuna tairi. Inashangaza jinsi watu wanavyosahau pampu. Tairi iliyolala, hata kama gurudumu linazunguka, hulifanya gari liwe zito kama linalopita kwenye matope. Tairi nyingi kuukuu zilizochanika hapa na pale bado zaweza kushika upepo kwa saa moja, na saa moja ndiyo unayoihitaji. Na kama magurudumu yaliibwa zamani, tafuta ya kuazima yenye matundu yanayolingana, uyafunge kwa nati zote, kisha uyarudishe gari likishafika. Wanunuzi wa vyuma wenye uzoefu hutembea na seti ya magurudumu ya namna hiyo kwenye lori lao.

Lakini kumbuka jambo hili, na ulirudie kwa sauti mbele ya vijana wako. Breki mbovu na gia iliyoganda ndivyo vilivyokuwa vimelishika gari miaka yote hiyo. Dakika unapovifungua, tani moja na zaidi ya chuma inapata miguu, na haina breki. Kabari ziwekwe kabla ya kufungua chochote, na zisiondolewe mpaka gari limefungwa kwenye winchi.

Itakuwaje kama hakuna gurudumu lolote linaloweza kufungwa, kwa sababu hata ekseli imekatika? Basi gari lifanywe liteleze. Boneti kuukuu ikigeuzwa chali huwa kama mtumbwi mdogo, na ukiiweka chini ya upande uliokufa, gari litateleza juu ya udongo badala ya kuulima. Juu ya mbao za kupandia, tandaza bati zito na ulipake grisi. Chuma kikiteleza juu ya chuma chenye grisi hutaka nguvu ya kama sehemu moja kwa kumi ya uzito, au zaidi kidogo. Ila paka pale tu chuma kitakapopita, usije ukawa unawatayarishia wasaidizi wako mahali pa kuanguka. Kuna wanaotumia mabomba ya maji kama magogo ya kubingirishia. Ni njia nzuri kwenye sakafu tambarare, lakini kwenye mlima bomba moja likichomoka, gari lote hulifuata.

Na kuna magari ambayo hayafai kuvutwa hata kidogo. Ukiona fremu imeoza hadi milango haishikani na nguzo zake, ita lori lenye kreni, mikanda ipitishwe chini, liinuliwe mara moja na liishe. Kreni ni ghali, nakubali, lakini kitanda cha hospitali ni ghali zaidi.

Tuje kwenye trela lenyewe, kwani hapa pana mtego ambao wengi hawaujui. Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa Eastlands, mwandishi wa makala haya alishuhudia vijana wakipandisha gari kwenye trela la magurudumu mawili lililounganishwa kwa pikapu. Barabara ilikuwa na mteremko mdogo tu. Pikapu ilikuwa imevutwa handibreki na dereva ameshuka kusaidia. Gari lilipanda mbao vizuri, magurudumu ya mbele yakakanyaga sakafu ya trela, watu wakaanza kushangilia. Ndipo mkia wa trela ulipozama, mkono wake ukainuka na kuinua nyuma ya pikapu pamoja nao. Kwa pikapu kama ile handibreki hushika magurudumu ya nyuma tu. Yalipoachana na ardhi, hakukuwa tena na kitu cha kushika. Pikapu, trela na gari bovu vyote vikaanza kushuka kwa pamoja, polepole kwanza, kisha si polepole. Mama aliyekuwa akiuza mkaa alisalimika kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuruka. Ukuta haukusalimika.

Dawa ya balaa hilo ni magogo mawili. Kabla ya kupandisha, tegemeza mkia wa trela kwa stendi au magogo imara, moja kila upande, yaguse kabisa chini ya sakafu yake. Uzito wa gari utatua juu ya magogo na mkono wa trela hautainuka. Tia kabari kwenye magurudumu ya trela na pia kwenye magurudumu ya mbele ya pikapu, na dereva abaki kwenye kiti chake mguu ukiwa juu ya breki.

Winchi ifungwe mbele ya trela. Kuvuta kwa gari jingine lililo upande wa pili ni hatari, kwani dereva wake haoni nyuma na clachi haijui upole. Kamba ya nailoni nayo hunyooka kama lastiki, ikikatika hurudi kama mjeledi, na ikiwa na ndoano nchani huwa risasi. Waya wa chuma au mnyororo ni afadhali, lakini huo pia utandikwe gunia zito au blanketi kuukuu katikati ili ukikatika uanguke chini. Usifunge kwenye bampa wala kwenye kile kipete cha kuvutia kilicholiwa na kutu. Zungusha mnyororo kwenye ekseli au kwenye mikono ya chuma inayoshika magurudumu, kushoto na kulia, ukutane mbele kama herufi V, nalo gari litakuja likiwa limenyooka. Usukani ufunguliwe kwa ufunguo, na kama ufunguo ulipotea enzi hizo, yanyooshe magurudumu na kuufunga usukani kwa kamba usicheze.

Mtu mmoja tu ndiye atoe amri. Wengine wote, hata kama ni wakubwa wake, wanyamaze. Wa winchi anavuta kidogo kidogo, na wawili wanaotembea kando ya gari, kila mmoja upande wake, wanasukuma kabari nyuma ya magurudumu kwa fimbo ndefu kila linaposogea. Nyuma ya gari asisimame mtu. Hapo ndipo kila kijana hupenda kusimama ili asukume, na hapo ndipo gari litakapokwenda likiachia. Watoto wapelekwe ndani ya nyumba na mlango ufungwe. Wakilia, watazame dirishani.

Injini nayo inataka kufikiriwa. Trela hutulia barabarani ikiwa uzito kidogo umeegemea mbele, kiasi cha sehemu moja kwa kumi au zaidi kidogo ya uzito wote ukilala kwenye mkono wake. Uzito ukizidi nyuma, trela huanza kuyumba kushoto na kulia mara tu mwendo unapoongezeka, na likishaanza ni vigumu kulituliza. Gari lenye injini mbele lipandishwe likitangulia kwa pua. Lakini magari mengi ya kuuzwa kama vyuma yameshatolewa injini na gia, na hapo sehemu nzito imehamia nyuma. Lisogeze mbele zaidi, au ulipandishe kinyumenyume.

Mambo mengine ni mepesi ila yasisahauliwe. Siku moja kabla ya kazi, piga boneti kwa fimbo ndefu ukiwa mbali, kwani nyuki hupenda sana nyumba kama hizi, na paka aliyezaa ndani ahamishwe kwa heshima zake. Toa betri, mwaga petroli kuukuu kwenye mtungi na oili kwenye debe, wala usimwage kwenye mtaro wa mtaa. Tazama chini ya viti. Kuna familia zilizopata picha za harusi humo.

Na makaratasi? Sheria ya vyuma vikuukuu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni. Mkumbuke kwamba mnamo Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote hiyo kufuatia wizi wa vyuma vya mitambo ya umeme na reli, na marufuku ikaondolewa Mei mwaka huo huo. Kwa hivyo mtake mnunuzi akuonyeshe leseni yake, mwandikiane hati ya mauzo yenye nambari ya chesi, na uiarifu NTSA ili usajili wa gari ufutwe. Zile nambari za gari zifungue mwenyewe mbele yake. Nambari zikiondoka na gari lililokufa, zaweza kuonekana siku moja kwenye gari lililo hai, katika shughuli usiyoijua, na polisi watakuja kwako.

Likishatua juu ya trela, lifunge pembe nne kwa mikanda ya kukaza au minyororo, kila moja ikishika ekseli. Usifunge kwenye bodi, maana bati la kutu hukatika njiani. Boneti, buti na milango vifungwe kwa waya, kwani boneti iliyofunguliwa na upepo kwenye Thika Road huruka kama karatasi na kutua kwenye kioo cha mtu mwingine. Taa za trela ziwake. Safari iwe ya mchana. Baada ya kilomita 5 hivi, simameni kwenye kituo cha petroli mkaze mikanda upya, maana tairi zimeshajikalia na kila kitu kimelegea. Na kama kuna kijana aliyejikalisha kwenye kiti cha dereva cha lile gari bovu, ameshika usukani na kupungia watu mkono, mteremshe aingie kwenye pikapu na wenzake kabla hamjarudi barabarani.